Somo: Kulainisha muundi wa ng'ombe katika sufuria ya umeme ya kupikia polepole

Wapishi wengi wa hapa Bukavu huupita muundi sokoni kwa sababu unamaliza makala kabla haujaiva. Ugumu wake unatokana na kano na utando mweupe unaoifunga misuli iliyombeba mnyama maisha yake yote. Ndani ya utando huo mna kolajeni, ambayo joto likifikia nyuzi 70 hivi na kudumu kwa saa kadhaa, hugeuka jelatini, yaani ule ute unaonata midomoni. Kinachohitajika basi ni muda, wala si moto mkali. Shingo na mkia hupikwa vivyo hivyo, lakini nyama laini isiyo na kano msiitie humo, kwani itatoka kavu.

Hatua ya kwanza: kateni kilo moja na nusu katika vipande vikubwa kama ngumi ya mtoto, mkiuacha ule utando mahali pake na kuondoa mafuta mazito tu. Ikiwa nyama imeganda kwa barafu, iyeyusheni kwanza ndani ya friji.

Hatua ya pili: pakeni chumvi, kisha kaangeni vipande vichache vichache kwenye babula hadi viwe na rangi ya kahawia. Msiiruke hatua hii, maana sufuria ya umeme hulainisha nyama lakini haiipi harufu ya kukaangwa. Katika mafuta yaleyale kaangeni vitunguu, kitunguu saumu na nyanya.

Hatua ya tatu: mimineni vyote ndani ya sufuria pamoja na glasi moja ya maji. Mara yangu ya kwanza nilijaza maji hadi yakafunika nyama, nikapata supu nyepesi isiyoshika bukari, kwa kuwa mvuke hautoki na nyama yenyewe hutoa maji mengi.

Hatua ya nne: funikeni, mpike kwa moto mdogo saa nane, au kwa moto mkubwa saa tano, bila kufunua. Kila anayefunua ili aonje anairefusha kazi kwa karibu nusu saa (mume wangu analijua hilo, na bado anafunua). Nyama imeiva uma unapoingia bila kusukumwa na mfupa kuachia wenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kadutu: Mama, umeme ukikatika katikati ya mapishi nifanye nini?

Jibu: Ukiwa nyumbani, dada, hamishia chakula kwenye babula mara moja, kichemke na kumalizikia huko. Ikiwa ulikuwa umetoka na hujui umeme ulikatika saa ngapi, kitupe hata kama kinanukia vizuri, kwa sababu nyama iliyokaa vuguvugu huzalisha vijidudu, na sumu za baadhi yao haziondoki kwa kupasha moto.

Mwanachama wa Bagira: Naweza kuongeza maharage mekundu mabichi?

Jibu: Hapana, ndugu. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu nusu saa katika maji mapya, na ndipo uyatie pamoja na nyama. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, kwa hiyo usiipunguze hiyo nusu saa.