Siku moja Seoul: kasri kwanza, soko baadaye

Wanafunzi mnaokwenda Seoul kwa kikundi, msipange Kasri la Gyeongbokgung siku ya Jumanne, kwa kawaida hufungwa. Lilijengwa 1395, na mkikodi hanbok, vazi la jadi la Wakorea, mnaingia bure.

Kifungua kinywa kiwe chepesi, maana Soko la Gwangjang, lililoanza 1905, linataka tumbo tupu. Shukeni kituo cha Jongno 5-ga, mfuate harufu ya bindaetteok: choroko zilizosagwa, zikakaangwa mbele yenu kwa mafuta mengi mpaka kingo zikauke. Tamu kweli! Agizeni chache mgawane, ili pabaki nafasi ya vingine. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwani mara nyingi hutiwa humo.