Somo: Kugawa kazi kati ya seva kwa nadharia ya michezo ya ushirikiano

Wengi wetu tukiwa na seva (kompyuta zinazohudumia kazi) za kasi tofauti hugawa kazi kwa uwiano wa kasi. Inaonekana ni haki, kumbe kazi ikiangukia seva dhaifu inakwama. Tutumie suluhisho la makubaliano la mwanahisabati John Nash (1950), kutoka nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi ya wahusika wanaotegemeana: kila seva ni mchezaji, na tunatafuta mgawo ambao zao (matokeo ya kuzidisha) la nafasi zinazobaki kwa wote, yaani kasi ya kila seva ukitoa kazi iliyopangiwa, ni kubwa kuliko yote.

Mfano: seva A humaliza kazi 10 kwa sekunde, B 6, C 1. Zinaingia kazi 8 kwa sekunde.

Hatua ya 1. Panga seva kuanzia yenye kasi zaidi.

Hatua ya 2. Jumlisha kasi, toa kazi zinazoingia, gawanya kwa idadi ya seva: 17 − 8 = 9; 9 ÷ 3 = 3, ndiyo nafasi itakayobaki kwa kila seva.

Hatua ya 3. Hapa pana uzito, msiparuke. Angalia seva ya mwisho. C ina kasi 1, haiwezi kubakiwa na nafasi 3. Iondoe, rudia hesabu: 16 − 8 = 8; 8 ÷ 2 = 4. B ina 6, inatosha. Ukipuuza ukaguzi huu, C itapangiwa kazi hasi 2!

Hatua ya 4. Toa 4 kwenye kasi ya kila seva iliyobaki. A ipewe 6, B ipewe 2.

Kazi zikiingia na kuhudumiwa kwa nasibu, muda wa wastani wa kazi moja, foleni ikiwemo, ni 1 ÷ nafasi iliyobaki. Kote kuwili ni sekunde 0.25. Kwa uwiano, kazi ya A ingechukua 0.19 na ya C karibu 1.9, mara kumi!

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, C ikae bure tu?
Jibu: Mpaka kazi zizidi 14 kwa sekunde. Zikifika 15, C inapata 0.33.

Swali: Huu ndio wastani mdogo kuliko yote?
Jibu: Hapana. Wastani wa mfumo mzima unaweza kushuka hadi 0.242, ila kazi za B zitachukua 0.286 na za A 0.222. Kwangu mimi, watumiaji wakiwa na haki sawa, tofauti ndogo ya wastani, 0.25 badala ya 0.242, inafaa kulipwa.

Swali: Wenye seva wakidanganya kasi zao?
Jibu: Hesabu hii inategemea kasi za kweli. Usimuulize mwenye seva. Pima mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu za kazi zilizokwisha, na upime upya mara kwa mara.