Kutoka Langoni Hadi Dirisha la Dawa: Namna ya Kukifanya Kituo cha Afya Kiwafae Vijana

Zahanati na vituo vya afya vya umma jijini Nairobi huwa na kondomu, vidonge vya kupanga uzazi, sindano ya miezi mitatu, vipandikizi na vipimo vya virusi vya Ukimwi, na kwa kawaida mtu hatozwi chochote kwa huduma hizi. Hata hivyo, msichana wa miaka 17 anayeishi hatua 200 kutoka langoni hukipita kituo hicho, akaenda duka la dawa la mtaa wa pili na kununua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa pesa zake mwenyewe, mwezi baada ya mwezi. Kikwazo chake kipo kati ya lango na chumba cha muuguzi, na hapo ndipo msimamizi wa kituo, wahudumu wake na vijana wa mtaa wanapopaswa kuanzia kazi.

Hatua ya kwanza ni kuitembea njia hiyo. Waombe vijana wawili, wa kike na wa kiume, waingie kama wagonjwa wengine, wakiwa na saa na kalamu, kisha waandike kila waliloulizwa, aliyewauliza, na watu waliokuwa karibu wakisikia. Niliwahi kuketi kwenye benchi la zahanati moja ya Eastlands, nikamsikia karani wa mapokezi akipaza sauti dirishani: "Wa kupanga uzazi wapite huku!" Msichana aliyekuwa kando yangu, ambaye alikuwa amefunga sweta kiunoni kuficha sketi ya shule, hakuinuka. Alingoja kidogo, akatazama simu yake, akatoka. Mbele yetu walikuwapo akina mama waliowaleta watoto kupimwa uzito, na katika mitaa yetu ni rahisi mmoja wao kuwa jirani au rafiki ya mamake.

Marekebisho ya hapo hayahitaji bajeti kubwa. Karani asiulize sababu ya kuja. Mgonjwa apewe kipande cha kadi chenye nambari, na maelezo yake ayatoe ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kibao chenye maneno "Kliniki ya Vijana" juu ya mlango mmoja peke yake, ingawa kimewekwa kwa nia njema, huwatangaza wanaoingia humo. Ni afadhali chumba hicho kitoe pia huduma nyingine, kama vile kutibu malaria na kufunga vidonda, ili anayeonekana mlangoni asikisiwe kilichomleta. Mlinzi wa lango na msafishaji nao wafunzwe kuhusu usiri, kwa kuwa wao ndio wanaofahamiana zaidi na watu wa mtaa.

Saa za kazi ni jambo la pili. Asubuhi ni ya kliniki ya wajawazito na watoto, na anayesoma hutoka shuleni jioni, wakati muuguzi anajumlisha rejista zake. Ikiwa wahudumu ni wachache, chagueni alasiri moja ya katikati ya wiki na nusu ya Jumamosi, kisha msibadilishe siku hizo ovyo. Kijana aliyetumia nauli ya matatu akakuta mlango umefungwa, au akaambiwa dawa imeisha arudi wiki ijayo, huwaambia wenzake wote. Dawa inapokosekana, muuguzi apige simu kituo jirani kuhakikisha ipo kabla ya kumwelekeza mtu huko.

Chumbani ndiko kwenye kazi ngumu zaidi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi, lakini muuguzi anayeogopa kulaumiwa na mzazi hutafuta njia ya kumrudisha kijana nyumbani. Hofu hiyo hutibiwa kwa maandishi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inamruhusu aliye chini ya miaka 18 kukubali mwenyewe kupimwa virusi ikiwa ni mjamzito, ni mzazi, ameoa au ameolewa, au ana mwenendo unaomweka katika hatari ya kuambukizwa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopitishwa mwaka huohuo, humlinda mtoto aliye chini ya umri huo. Kwa hiyo msimamizi aketi na maafisa wa afya wa kaunti ndogo, waandike utaratibu wa kituo kwa kufuata miongozo ya Wizara: yapi yatabaki siri, na ni lini usalama wa mtoto utalazimu taarifa itolewe. Kijana aelezwe mipaka hiyo kabla hajaanza kusimulia, kwa lugha nyepesi. (Muuguzi halazimiki kuzungumza Sheng, Sheng ya kulazimisha huwachekesha vijana.) Maswali ya "Mamako anajua?" na "Umri huu unafanya nini hapa?" yaachwe kabisa.

Aliyebakwa asiketi kwenye foleni. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, na kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi kadiri kinavyowahi kumezwa. Atibiwe kwanza, mambo ya polisi na fomu yao ya P3, ya ushahidi wa uchunguzi wa daktari, yafuate. Nambari 116 ya msaada kwa watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia zibandikwe hata ndani ya mlango wa choo, mahali mtu anapoweza kuzisoma peke yake.

Choo hichohicho, au korido yake, ndipo pa kuweka kisanduku cha kondomu. Wavulana hawatakwenda kuziomba kwa karani.

Simu nayo inahitaji uangalifu. Vijana wengi huandikisha nambari ya mzazi kwa sababu ndiyo wanayoikumbuka, kisha ujumbe wa kumkumbusha binti tarehe ya sindano ukamfikia mama akiwa sokoni. Ulizeni, "Simu hii hushikwa na nani?" na andikeni jibu kando ya nambari. Asiye na simu salama apewe tarehe kwenye kikadi kisichotaja huduma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo rejista isiachwe wazi mezani.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaweza kutangaza siku na saa za huduma, lakini wasitumwe kumfuatilia kijana nyumbani kwao bila idhini yake.

Mwisho wa mwezi, fungueni rejista ya kupanga uzazi, MOH 512, mhesabu waliokuja mara ya kwanza wakiwa na miaka 15 hadi 19, kundi ambalo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wake walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Baada ya miezi mitatu, tazameni ni wangapi kati ya waliochomwa sindano wamerudi kuchomwa ya pili. Idadi ya wageni ikiwa kubwa na ya waliorudi ikiwa ndogo, waiteni tena wale vijana wawili wenye saa na kalamu, waanzie langoni.