Kuweka presha ya mafuta kwenye injini ya tabo iliyoongezwa nguvu

Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ au Subaru Forester iliyotiwa tabo kubwa ikianza kukosa mafuta kwenye mzunguko wa juu, mkono wa kwanza huenda kwenye skrubu ya regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta. Nusu raundi, gari inachanganya tena, boneti inafungwa. Hapo umebadilisha namba ya presha ambayo kontrol boksi (kompyuta ya injini) inaiamini, na hujaiambia. Nozeli (kipulizia mafuta) ya cc 550 kwa dakika imepimwa kwa bar 3. Ipe bar 3.5 itatoa kama cc 594, ipe bar 4 itatoa kama cc 635, maana mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Hesabu yote ya mafuta imeshapotea, na pampu, ambayo huenda ndiyo mgonjwa mwenyewe, umeitwisha mzigo zaidi.

Namba ya kuanzia kwa injini nyingi za Kijapani ni bar 3 (psi 43.5), mpira wa vakyum (ule unaounganisha regyuleta na hewa ya injini) ukiwa umechomolewa. Kama aliyekuprogramia kontrol boksi alitumia namba nyengine, fuata yake.

Haya ni ya gari zenye mpira wa kurudisha mafuta tangini. Zile ambazo regyuleta imo ndani ya tangi zinahitaji kwanza kutiwa njia ya kurudi, na za nozeli zinazopiga moja kwa moja ndani ya silinda ni habari nyengine kabisa.

Tayarisha geji ya bar 0 mpaka 7, maltimita, pampu ya mguu yenye geji (ile ya kujazia tairi za baskeli), dumu la lita 5, spana ya L, vitambaa, na mtungi wa unga wa kuzimia moto. Mipira ya mafuta iwe ile iliyoandikwa SAE 30R9. Mpira wa kawaida hupasuka kwenye klipu. Kazi ifanyike nje, kivulini, na asikaribie mtu na sigara.

1. Ondoa presha. Chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, piga stata mara mbili. Ndipo ufungue bomba, kitambaa kikiwa chini yake.

2. Funga geji baina ya reli ya nozeli (bomba linalozigawia mafuta) na regyuleta. Tahadhari na geji zilizojazwa kimiminika: ikipata moto wa injini pamoja na jua la kaskazi, presha ya ndani ya kasha hupanda na mshale husoma chini ya ukweli. Utakaza skrubu kufukuza kosa la geji. Pima injini ikiwa ya baridi.

3. Angalia umeme kabla ya kugusa skrubu. Hatua hii watu huiruka, na kwetu visiwani ndiyo yenye majibu mengi. Gari zinazoshushwa bandari ya Malindi, Unguja, zimeshakula miaka yake Japani, kisha zinakuja kwenye hewa ya chumvi. Rudisha fyuzi, na pampu ikiwa inafanya kazi, pima kwenye nyaya zake, juu ya tangi. Betri ikisoma volti 13.8 na pampu ikapata 12, usiendelee. Fungua boliti ya erthi ndani ya buti: mara nyingi utakuta unga wa kijani chini ya kijicho cha waya. Kwaruza mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Kwa pampu kubwa vuta waya mpya wa milimita mraba 4 kutoka betri kupitia rilei, na fyuzi ya ampea 20 karibu na betri.

4. Weka presha ya msingi. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti. Unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, washa swichi bila ya kuwasha injini, pampu itazunguka. Mpira wa vakyum uwe umechomolewa. Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu robo robo, usubiri mshale utulie. Ukifika bar 3, kaza nati huku umeishika skrubu kwa spana ya L, kisha soma tena, kwani kukaza nati peke yake huisogeza namba. Skrubu ikilegezwa yote na mshale ukabaki 3.5, njia ya kurudi ni nyembamba kwa pampu hiyo. Itie mpira mpana.

5. Jaribu kama regyuleta inafuata busti (presha ya hewa ambayo tabo inasukuma ndani ya injini). Huna haja ya kukimbiza gari barabara ya Bububu. Chomeka mpira wa pampu ya mguu kwenye chuchu ya regyuleta, pampu ya mafuta ikizunguka. Ukitia hewa ya bar 0.5, reli isome 3.5, ukitia bar 1, isome 4. Usipite busti unayotumia. Hewa ikivuja, diaframu (ngozi ya ndani ya regyuleta) imetoboka. Dalili yake nyengine ni petroli ndani ya mpira wa vakyum, na hapo usiwashe injini kabisa.

6. Pima mtiririko. Elekeza mpira wa kurudi ndani ya dumu, shikilia hewa ya bar 1, na uhesabu sekunde 30. Injini ya nguvu farasi 300 yenye tabo hunywa kama lita 110 kwa saa, yaani lita 0.9 kwa sekunde 30. Taka angalau lita 1.2 ndani ya dumu. Pampu ya lita 255 kwa saa hutoa pungufu ya hiyo namba yake kadiri presha inavyopanda, kwa hivyo usishangae. Ukipata chini ya lita moja, badilisha filta kwanza, hasa kama gari imekunywa petroli ya chupa za njiani, kisha ndiyo uifikirie pampu.

7. Rudisha mipira, washa injini. Kwenye sailensa (injini ikizunguka bila ya kukanyagwa mafuta), vakyum ikiwa imeunganishwa, utasoma kama bar 2.3 mpaka 2.4, chomoa mpira, irudi 3. Isipobadilika, mpira umepasuka au umeunganishwa kabla ya throto (mlango wa hewa ya injini). Upe regyuleta mpira wake peke yake kutoka manifoldi (bomba la hewa baada ya throto) na ufunge klipu ncha zote mbili, kwani ukichomoka kwenye busti mafuta yatapungua pale pale yanapohitajika, na injini inanoki (mafuta yanaripuka vibaya ndani ya silinda).

Ukizima, presha ikaanguka hadi sufuri kwa sekunde chache, bana mpira wa kurudi mara tu baada ya kuzima. Ikishikilia, regyuleta inavuja. Ikianguka vile vile, ni vali ya pampu au nozeli. Toa plagi, uone ipi imelowa.