Kuhamisha nyuki wadogo kutoka kwenye gogo kwenda kwenye mzinga bila kuua kundi (somo na maswali)

Habari zenu wapendwa. Juzi huku Kibosho nimemkuta jamaa kapasua gogo la mringaringa kwa shoka, asali aliyopata haikujaza hata kikombe cha chai, na kundi zima limebaki chini linatambaa kwenye asali yake lenyewe. Iliniuma sana, kwa sababu wale nyuki wangemkalia pale kihambani (shamba la nyumbani) miaka na miaka. Kwa hiyo leo naandika ninavyofanya mimi.

Hatua ya 1, watambue kwanza. Nyuki wadogo wapo wa aina kadhaa, mwiba wao umedumaa hauwezi kuuma. Tafuta kimrija cha nta na utomvu kilichochomoza kwenye gogo, ufa wa ukuta au shina la mti mkongwe, na ukisogeza macho utaona walinzi wamejipanga mdomoni vichwa vikiangalia nje. Kama wako kwenye mti uliosimama na uko hai waache hapohapo. Mimi nahamisha wa kwenye magogo yaliyoanguka au mti unaokatwa tu.

Hatua ya 2, mzinga. Mbao ya mgrevelia iliyokauka vizuri, unene inchi moja na nusu kwa sababu ya baridi yetu ya Juni na Julai. Wangu kwa ndani ni sm 20 kwa 20, chumba cha chini kimo sm 15 cha watoto (mayai na mabuu ya nyuki), cha juu sm 8 cha asali, katikati kibao chenye upenyo wa kupita. Usipake rangi ndani.

Hatua ya 3, muda. Masika hapana, kipupwe hapana. Mimi napenda Septemba hadi Novemba au Januari na Februari, saa nne asubuhi jua likishatoka.

Hatua ya 4 ndo penyewe, msikimbilie. Chora mstari kwa msumeno kwa urefu wa gogo usizame sana, halafu gonga kabari taratibu mpaka lifunguke lenyewe. Ndani utaona vitu viwili tofauti: pembeni vijungu vya nta rangi ya kahawia, vingine vina asali vingine chavua, na katikati watoto, vijumba vidogo vidogo vimefunikwa na utando mwembamba wa nta kama karatasi. Malkia ana tumbo limevimba hawezi kuruka, ukimwona mbebe kwa kijiko pamoja na nta aliyosimamia. Watoto wainue hivyohivyo walivyokaa, USIWAGEUZE juu chini, maana kila yai limesimama juu ya chakula cha majimaji ukipindua linazama na kufa. Hili wengi hawalijui yani unakuta mtu kahamisha kila kitu vizuri na kundi linaisha anashangaa.

Vijungu vizima weka vichache, vilivyopasuka USIWEKE kabisa. Kundi langu la kwanza niliingiza vijungu vyote hata vinavyovuja nikijua nawapa chakula, siku ya nne nafungua nakuta vijinzi vidogo vinavyokimbia haraka haraka vimetaga na mabuu yamejaa kwenye chavua, nikapoteza kundi lote. Asali iliyomwagika kula wewe na watoto nyumbani, mzinga uwe mkavu.

Mwisho bandua ule mrija wa zamani uubandike kwenye tundu la mzinga mpya, ziba nyufa kwa solotepu ya karatasi au udongo, uache mzinga palepale gogo lilipokuwa mpaka giza liingie ili waliokuwa nje warudi.

Hatua ya 5, pa kuweka. Upenuni, jua la asubuhi, mvua isifike. Miguu ya meza iwe kwenye makopo ya oili chafu, la sivyo sisimizi watamaliza kazi usiku mmoja.

MASWALI

Mama wa Himo: Kaka sikumwona malkia, nimeharibu?
Jibu: Hapana dada, mara nyingi anajificha kwenye watoto, na hata akifa kundi huwa linapata malkia mwingine mradi watoto wamehama salama. Acha kufungua kwa wiki tatu, angalia tu kama wanaingia na chavua miguuni.

Mdau wa Usa River: Wanavunwa lini, na asali yangu imetoa povu, imeharibika?
Jibu: Subiri hata miezi nane, toboa vijungu vya chumba cha juu tu, vuta kwa bomba la sindano jipya, nusu waachie. Asali yao ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa ndo maana nyepesi na kali kidogo, inachacha upesi, iweke friji. Na jamani mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote.

Kijana wa Machame: Wananiingia kwenye nywele!
Jibu: Wanajitetea hivyo, wanang'ata kidogo na kupaka utomvu. Vaa kofia ya chandarua.

Bibi shamba: Jirani anapuliza dawa kwenye nyanya, nifanyeje?
Jibu: Shikamoo bibi. Muombe apulize jioni nyuki wakishalala, asipulize kwenye maua. Mimi na jirani yangu tuligombana mpaka tukaacha kusalimiana, nyuki walikuwa wanadondoka mlangoni mwa mzinga wanatetemeka. Baadaye alikuja na jani la sale, na sisi Wachagga ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe. Saivi ananitumia meseji siku moja kabla, naziba tundu kwa wavu usiku, nafungua kesho yake mchana.

Mama wa Himo: Asante kaka, jioni hii nimewaona wanne mlangoni wamekaa wanaangalia nje.
Jibu: Hao ndo walinzi dada, wamekubali nyumba.