Turubai Likishang'olewa

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo katika parokia moja ya vijijini, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Daftari la rambirambi hukaa kwangu: nani katoa elfu mbili, nani kaleta debe la mahindi, nani kaahidi na hajaleta. Na mimi mwenyewe ni mjane, kwa hiyo msiba nimeukalia pande zote mbili, kwenye mkeka na kwenye meza ya daftari.

Ushauri mwingi wa Kikristo kuhusu kufiwa unaishia makaburini. Neno linahubiriwa, mashada yanawekwa, watu wananawa mikono, wanakula, wanaondoka. Lakini siku za maziko mfiwa anabebwa. Imani yake inapimwa wiki ya tatu, turubai limeshang'olewa, viti vimerudi kwa mwenyewe, mashangazi wamepanda basi la Dar es Salaam, na yeye amebaki jikoni na sufuria ambayo ghafla imekuwa kubwa mno. Ninayoandika hapa ni ya wiki hiyo na miezi inayoifuata, ila siku za mwanzo nazo zina mambo yake.

Siku za mkeka

Kubali kubebwa. Jumuiya ikija jioni kusali rozari, wewe kaa tu. Ukishindwa kuitikia Salamu Maria wataitikia wao, ndiyo maana wamekuja wengi. Simu yako mpe mtu mmoja unayemwamini, awe anapokea na kuandika majina ya waliotuma pesa, maana baada ya mwezi utataka kushukuru na hutamkumbuka hata mmoja. Na ule. Chakula kisipopita, kunywa uji. Eliya alipolala chini ya mti jangwani akamwomba Mungu amchukue, malaika hakumhubiria. Alimwamsha akala mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Safari ya kwenda mlima wa Mungu ilikuja baada ya hapo.

Maneno yatakuwa mengi. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu amempenda zaidi." "Usilie mama, wewe si mke wa katekista?" Wengi wao hawana ubaya, wameogopa ukimya tu. Jibu "asante mama," "ahsante baba," uyaache yapite. Usilale nayo. Paulo alipowaandikia Wathesalonike, yapata mwaka 50, walikuwa na wasiwasi juu ya ndugu zao waliokufa kabla Bwana hajarudi. Hakuwakataza kuhuzunika; aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Naye Martha alimfuata Yesu njiani akamwambia wazi kwamba angekuwapo, kaka yake asingekufa. Hakukemewa. Na punde si punde Yesu mwenyewe alilia, ilhali alijua anachokwenda kufanya pale kaburini.

Neno moja tu usiliache lipite: lile la mkono wa mtu. Halisemwi hadharani. Utavutwa nyuma ya nyumba usiku wa pili, uambiwe kifo hiki si bure, kuna jirani alitazama vibaya, na kuna mtaalamu mahali fulani anajua kuangalia. Siku hizi wengine hawasemi mganga, wanasema nabii, na nabii naye ana bei yake. Jibu kwa ufupi, na hakikisha umesikika na zaidi ya mtu mmoja: "Mzee alikuwa na presha, daktari ametueleza, tutamzika na tutamwombea." Ukisitasita umekwisha. Mbuzi watauzwa, jirani atakuwa adui, na marehemu hatarudi. Nimeona ukoo ukigawanyika hivyo, mpaka leo watoto wa pande mbili hawasalimiani hata siku ya Pasaka.

Kusali ukiwa huna neno

Wafiwa wengi huniambia kwa aibu kwamba hawawezi kusali. Ninawapa Zaburi, tena kwa mpangilio. Wiki ya kwanza baada ya matanga, Zaburi ya 13. Ni fupi, na mwanzoni tu inamwuliza Mungu "hata lini?" mara nne. Isome kwa sauti asubuhi na jioni, hiyo hiyo moja, wiki nzima, bila kutafuta maana mpya. Kisha shika ya 42. Ukiwa na hasira, nenda ya 88. Hiyo huisikii msibani, na sababu inaeleweka: mstari wake wa mwisho umo gizani, hakuna kugeuka na kusifu. Lakini imo kwenye Biblia, na katika Sala ya Kanisa, ile wanayosali mapadre na watawa, ndiyo zaburi ya Ijumaa usiku kabla ya kulala. Ukiisoma Ijumaa saa tatu usiku peke yako kitandani, ujue kuna watawa wengi duniani wanaisoma siku hiyo hiyo. Mimi jambo hilo lilinishika kuliko mahubiri yote ya maziko, na mahubiri yalikuwa marefu.

Sali kwa lugha unayolilia. Kama machozi yako yanatoka kwa Kichagga, au Kihaya, au Kihehe, Baba Yetu naye asaliwe hivyo hivyo.

Jumapili ya kwanza nenda misa ya alfajiri. Watu ni wachache na hakuna wa kukushika mkono mlangoni nusu saa. Kaa benchi ambalo hamkuzoea kukaa. Kwaya ikianzisha wimbo ulioimbwa siku ya maziko, toka, punga upepo, rudi. Padre anajua. Na kama hajui, ataambiwa na sisi.

Makaratasi ni sehemu ya imani

Wanaposikia katibu wa jumuiya anaongelea mirathi, watu hushangaa. Basi wasome Luka 18. Yesu alipotaka kufundisha kusali bila kukata tamaa, alimchukua mjane aliyekuwa akienda na kurudi kwa kadhi, tena kadhi asiyemcha Mungu, akidai haki yake mpaka akapewa. Sala na mahakama viko kwenye hadithi moja.

Kwa hiyo fuatilia cheti cha kifo mapema. Kinatolewa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na bila hicho hakuna mlango utakaofunguka, si benki, si mafao. Kikao cha ukoo kikikaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, uwepo, hata kama macho yamevimba. Muhtasari uandikwe palepale, waliohudhuria watie saini, nawe ubaki na nakala yako. Kabla ya kufungua shauri uliza kwanza ni mahakama ipi. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi Kikristo, mirathi yake inaweza kuhitaji kufunguliwa mahakama ya juu zaidi. Nimeona shauri likifutwa baada ya miezi kwa sababu hiyo, na mjane akaanza upya nauli, picha, nakala, kila kitu. Ofisi za msaada wa kisheria zipo na hazitozi; nenda huko kabla ya kwenda kwa shemeji anayejua kila kitu. Laini ya simu ya marehemu usiivunje. Kunaweza kuwa na pesa ndani yake, na watu wanaomdai au anaowadai watapiga.

Siku ya mahakama usiende peke yako. Jumuiya yetu hutoa watu wawili wa kwenda kukaa benchi la nyuma na mjane. Hawasemi kitu. Lakini mashemeji husema kwa adabu zaidi wakiona kuna mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, amekaa pale na kitenge chake na rozari mkononi.

Na makaratasi hayo hayo ndiyo yatakuonyesha usiyotaka kuyaona. Mkopo usioujua. Kiwanja kilichouzwa. Wakati mwingine mtoto wa nje, anakuja na mama yake wiki ya tano, na sura haifichi damu. Hapo watu hukwama, maana utamkasirikiaje mtu uliyemlilia juzi? Mkasirikie. Mwambie Mungu, mwambie padre kwenye kitubio kama imefikia chuki, lakini usijifanye huna hasira. Huku kwetu kuna isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Kwa mila ya Wachagga, mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huwezi kumfukuza. Marehemu hawezi kukuletea. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikaa miezi mingi hapiti karibu na kaburi la mumewe, na kaburi lenyewe liko kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, hatua chache kutoka jikoni. Alikuwa anazunguka na ndoo yake ya maji kupitia kwa jirani. Siku alipochimba shimo akapanda isale kichwani pa kaburi kwa mkono wake, hakumwita mtu. Sisi tuliona tu asubuhi udongo mbichi, na yeye anapita pale na ndoo. Mtoto wa nje anasoma shule moja na watoto wake sasa. Hamchekei sana, lakini anampa chakula.

Wewe jirani

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, nadhani waliona mbali hapa. Nyumba kumi au kumi na tano zinaweza kujua ni nani hajawasha moto leo.

Andika kwenye kalenda wiki ya tatu baada ya maziko, uende. Usiende na Biblia kubwa. Nenda na majani ya chai, sukari, au mzigo wa kuni. Kwangu alikuja mama mmoja na maharage yake ambayo hayajachambuliwa. Akakaa kwenye kigoda, akamimina ungo nusu akanisogezea, tukawa tunatoa mawe. Sauti ya mawe yakidondoka kwenye bakuli la bati, basi. Baada ya muda mrefu akauliza, bila kuinua macho: "Hivi mzee alikuwa anapenda soya au haya ya njano?" Nikamwambia ya njano, tena yaungwe na nazi, na nazi huku mlimani ni gharama, tuligombana sana juu ya nazi. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitajia mzee wangu kama mtu aliyekuwa anakula.

Fanya hivyo. Mtaje marehemu kwa jina. Swali la "unaendeleaje?" lina jibu moja tu la uongo, "namshukuru Mungu". Uliza kitu kidogo ambacho kina jibu. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vizuri kabisa. Waliharibu walipofungua mdomo kueleza sababu.

Watoto

Waambie amekufa. Usiseme amesafiri, usiseme amelala, maana mtoto wa miaka minne atakwenda kusubiri basi barabarani, au ataogopa kulala. Wapeleke kaburini, waache waulize. Mjukuu wangu aliniuliza kama babu anasikia mvua. Nikamwambia mwili wake hausikii, na yeye mwenyewe yuko kwa Mungu, na siku moja Mungu atamfufua na mwili wake. Akauliza, na mguu uliokuwa unamuuma? Nikasema ule nao, lakini bila maumivu. Akaenda kucheza. Sikuwahi kusema kanuni ya imani kwa ufupi hivyo, na baadaye niligundua ninaiamini.

Mfiwa asiyelala kwa wiki nyingi, asiyekula, au anayesema afadhali naye afe, apelekwe hospitali. Usimwambie imani yake imepungua. Paulo mwenyewe alisafiri na Luka, na Luka alikuwa tabibu.

Mwaka ukitimia

Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, safisha kaburi na uandikishe nia ya misa. Desemba itakuwa ngumu, maana ndugu wote wa mjini wanapanda mlimani kwa Krismasi na nyumba inajaa, na kiti kimoja kitakaliwa na mtu mwingine. Amua mapema nani akikalie. Mimi nilimpa kijana wangu mkubwa, nikamwambia mbele ya wote, kabla sahani hazijaja.

Misa ya mwaka isikuingize kwenye deni. Ukoo utataka ng'ombe, turubai, na mpiga picha. Nenda kwa katibu wa parokia wiki kadhaa kabla, andikisha jina la marehemu na tarehe, toa sadaka uliyo nayo. Baada ya misa, chai na maandazi kwa jumuiya inatosha. Atakayeuliza nyama iko wapi, mpe kikombe kingine cha chai, na kama ana shughuli, mtu wa kuosha vyombo anahitajika nyuma.