SOMO: Kusindikiza wanafunzi makumbusho ya historia

Kila msimu wa ziara naulizwa yale yale: "Shule imeniomba nisindikize darasa, nifanye nini?" Naandika mara moja, anayehitaji asome.

1. Pata mapema orodha ya watoto wako, namba za wazazi na dawa wanazotumia. Dawa ya mwenye pumu uwe nayo mwenyewe, isibaki basini.

2. Vaa viatu vya kutembelea.

3. Msalani kwanza, ndipo ukumbini.

4. Kuhesabu. Hapa ndipo ziara huharibika. Idadi peke yake inadanganya: shule kadhaa zaweza kuwemo siku hiyo hiyo, sare zinafanana, mtoto wa wenzako akaingia kundini mwako huku wako amebaki nyuma anashangaa mifupa. Hesabu imetimia, mnaondoka! Kwa hiyo ita jina, tazama sura. Fanya hivyo kila mlango: mkishuka basi, mkiingia, mkihama ukumbi, mkitoka msalani, mkipanda tena. Simamisha kundi kwanza, usihesabu mkitembea. Usikubali "yupo, nimemwona sasa hivi" kutoka kwa mwenzake. Ukiwa peke yako, kaa nyuma, mbele aongoze mtoto anayesimama akiambiwa.

ANGALIZO: akikosekana mmoja, usiwaache wengine ukamtafute. Baki nao, mwite mlinzi wa ukumbi, mpe jina na mavazi. Watoto nao waambiwe kabla ya safari: ukipotea simama ulipo, mwambie mfanyakazi mwenye beji.

5. Begi la mgongoni livaliwe kifuani au liachwe mapokezi. Mtoto akigeuka ghafla hajui limegonga nini. Watoto waandike kwa penseli, wino usije ukadondokea kitu kisichosafishika.

6. Msizunguke kumbi zote. Mbili tatu zinatosha. Benjamin Ives Gilman, mtumishi wa makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani, aliandika juu ya uchovu wa makumbusho tangu 1916, akipiga picha za mtu anavyoinama na kujipinda ili aone vilivyomo kabatini. Huyo alikuwa mtu mzima.

MASWALI

Mzazi mpya: Kwa hiyo nikihesabu vichwa inatosha?

Soma namba 4.

Baba wawili: Wangu wa darasa la sita wakubwa hao. Si niwaache wazunguke, tukutane getini saa nane?

Hapana, mkuu. Umekabidhiwa watoto wa watu.

Mdadisi: Samahani mwalimu, kwa nini kumbi nyingine zina giza, na flashi inakatazwa?

Umeuliza jambo la maana, ndugu yangu. Mwanga hufifisha nguo, karatasi na picha za rangi ya maji, na madhara yake hujilimbikiza. Rangi ikishaondoka hairudi. Ndiyo maana vitu hivyo huwekewa mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, wakati ofisi hutumia 300 na zaidi. Mwako mmoja wa flashi ni mdogo, ila wageni ni wengi, tena unawaumiza macho wenzako. Waulize watoto swali hilo hilo mkiwa gizani humo, uone watakavyoanza kutazama. Kugusa nako ni hivyo: jasho la vidole lina chumvi, hula shaba na chuma polepole.

Mwl. wa zamu: Umesahau karatasi ya kazi. Sisi watoto hunakili maelezo yote.

Sijasahau, nimeiacha kwa makusudi. Anayenakili kibao hakitazami kitu chenyewe. Chagua kitu kimoja, wakichore dakika 10, kisha uliza: kimechakaa wapi? Nani alikishika, wapi? Chungu chenye masizi chini kimekaa motoni, na mtoto akiligundua hilo mwenyewe halisahau.

Mama Pacha: Nyongeza: wanaotapika safarini wakae viti vya mbele, na mifuko iwe karibu.

Asante dada. Na nguo moja ya akiba, kubwa kidogo, itamfaa yeyote.